REBASE: inajua kila kimeng'enya kinakata wapi, ila ukoo utautafuta mwenyewe

Anayefanya kazi na DNA huitumia REBASE hata kama hajawahi kufungua tovuti yake. Programu inayokuchorea ramani ya plazmidi (duara dogo la DNA) na kukuambia kwamba EcoRI inakata mara moja na NotI haikati popote, imechota orodha yake humo. Ni hifadhidata ya vimeng'enya ambavyo bakteria huvitumia kukata DNA ngeni, hasa ya virusi vinavyowashambulia, pamoja na vimeng'enya wenza vinavyobandika methili (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye DNA ya mwenye nyumba ili isikatwe. Jozi hiyo ya mkataji na mweka alama ndiyo huitwa mfumo wa R-M, yaani restriction-modification. Richard Roberts alianza orodha hii alipokuwa Cold Spring Harbor katika miaka ya 1970. Leo inatunzwa New England Biolabs, Marekani, kampuni ambayo yenyewe huuza vimeng'enya hivyo. Huduma ni bure, haitaki usajili, na orodha ya wauzaji iliyomo ina washindani pia, kwa hiyo hofu kwamba ni tangazo la biashara haina msingi.

Ubora wake haubishaniwi. Swali la tathmini hii ni jingine: ukitaka kujua mifumo hii inahusiana vipi, nani ni ndugu wa nani, je, REBASE inakutosha? Inajibu nusu ya swali. Inapanga vimeng'enya kwa tabia, yaani kinatambua nini, kinakata wapi, kinahitaji nini ili kifanye kazi. Nasaba ni habari nyingine kabisa, na wengi hukosea kwa kusoma lebo ya tabia kana kwamba ni jina la ukoo.

Kusoma ukurasa wa kimeng'enya

Fungua EcoRI. Utakuta mfuatano lengwa G^AATTC, alama ya ^ ikionyesha uzi unapokatwa. Mfuatano huo unasomeka sawasawa kwenye nyuzi zote mbili, hivyo alama moja inatosha. Vimeng'enya vinavyokata nje ya lengo huandikwa kwa mabano: FokI ni GGATG(9/13), maana yake uhesabu besi 9 baada ya lengo kwenye uzi wa juu na 13 kwenye uzi wa chini. BcgI ina mabano pande zote, (10/12)CGANNNNNNTGC(12/10), kwa kuwa inakata kushoto na kulia na kuling'oa lengo zima likiwa kipande kifupi. N ni besi yoyote, R ni A au G, Y ni C au T, W ni A au T. Makosa ya kwanza hutokea hapa. Hesabu huanza baada ya herufi ya mwisho ya lengo, si mwanzoni mwake. Kwa BsaI, GGTCTC(1/5), ukiteleza kwa besi moja tu unapata ncha nyingine tofauti ya besi 4, na vipande vyako havitashikana kamwe.

Alama ya methili huandikwa kwa namba. EcoRI ina 3(6): besi ya tatu ya lengo, methili ya aina ya 6, yaani adenini iliyobandikwa methili kwenye naitrojeni namba 6. Katika GAATTC hiyo ni A ya pili, na ndiyo M.EcoRI inayoigusa. Namba (5) ni sitosini yenye methili kwenye kaboni ya 5, na (4) ni sitosini yenye methili kwenye naitrojeni ya 4. Nafasi ikiwa na alama ya kutoa, hesabu kwenye uzi wa pili kuanzia ncha yake ya 5′, yaani mwanzo wake. Ni mwandiko mkavu kama karatasi ya hesabu, lakini ukishauzoea hutaki mwingine.

Kisha jina. Herufi tatu za mwanzo zinatokana na jina la kisayansi la bakteria, zinazofuata ni uzao wake, na namba ya Kirumi ni zamu ya kugunduliwa: EcoRI ni cha kwanza kutoka Escherichia coli RY13. Hamilton Smith na Daniel Nathans walipendekeza utaratibu huo mwaka 1973, na mwaka 2003 ukafanyiwa marekebisho makubwa. Ukiona EcoRI ikiandikwa kwa herufi za mlalo na nafasi kabla ya I, ujue mwandishi anafuata mtindo wa zamani. Kiambishi cha mbele kinataja kazi: R. ni mkataji, M. ni mweka methili, S. ni protini inayotambua lengo, C. ni protini inayoamua lini jeni za mfumo ziwashwe, V. ni ile inayorekebisha besi zisizolingana, Nt. na Nb. ni vimeng'enya vinavyokata uzi mmoja tu, wa juu au wa chini. Jina lisilo na kiambishi huhesabiwa kuwa la mkataji.

Usilitegemee jina likupe taksonomia ya leo. DpnI na DpnII zinatoka kwa Streptococcus pneumoniae. Dpn ni masalio ya enzi alipoitwa Diplococcus. Wala Eco haithibitishi kwamba mfumo ni wa asili ya E. coli. EcoRI hukaa kwenye plazmidi, na EcoP1I ililetwa na faji P1, kirusi cha bakteria. Bakteria anayetajwa ni mpangishaji. Mpangaji huenda alihamia jana.

Aina nne, na kila moja ina shida yake

Aina ya I ina protini tatu: HsdS hutambua lengo, HsdM hubandika methili, HsdR hukata. Mashine kamili ina R mbili, M mbili na S moja, nayo hutaka magnesi, ATP (nishati ya seli) na S-adenosilmethionini (inayotoa methili). Lengo lake lina vipande viwili vyenye pengo katikati, kama EcoKI: AAC(N6)GTGC. Haikati hapo. Hushika lengo, huvuta DNA ipite ndani yake huku ikila ATP, kisha hukata mbali, hata maelfu ya jozi za besi, mahali pasipotabirika. Ndiyo maana humwoni mtu akiitumia kutengeneza vipande: kwenye jeli utapata moshi badala ya mistari. Meselson na Yuan waliitenga EcoKI mwaka 1968, miaka miwili kabla ya Smith na Wilcox kutoa HindII, mkataji wa kwanza anayekata ndani ya lengo lake.

Aina hii ndiyo mahali pekee ambapo mgawanyo wa kawaida ni wa nasaba kwelikweli. Familia zake, IA hadi IE, ziliwekwa kwa majaribio ya kubadilishana vipuri: je, S ya mfumo huu inafanya kazi na M na R za mfumo ule? Kingamwili za huyu zinamtambua yule? Je, jeni zao zinashikana zikipashwa moto na kupoozwa pamoja? EcoKI na EcoBI zikakubaliana, zikawekwa IA, ingawa EcoBI inatambua TGA(N8)TGCT, mfuatano usiofanana na wa EcoKI hata kidogo. EcoAI ni kielelezo cha IB, EcoR124I cha IC, StySBLI cha ID, KpnBI cha IE. Kumbuka jambo hili: ndugu wa damu, malengo mbalimbali.

Sababu iko kwenye S. Protini hiyo ina maeneo mawili ya kutambua DNA, kila moja likisoma nusu ya lengo, na yameunganishwa kwa nguzo zilizohifadhiwa vizuri ndani ya familia. Badilisha eneo moja, nusu ya lengo inabadilika. M na R haziguswi. Mfano mzuri kuliko yote ni EcoR124I na EcoR124II. Ya kwanza inatambua GAA(N6)RTCG, ya pili GAA(N7)RTCG. Tofauti nzima ni kipande cha jozi 12 za besi katikati ya jeni ya S: kwenye EcoR124I kimerudiwa mara mbili, kwenye EcoR124II mara tatu. Asidi amino 4 zaidi, na pengo linaongezeka besi moja. Kosa dogo la kurudufu DNA linazaa kimeng'enya kipya. Streptococcus pneumoniae amefanya ustadi huo kuwa desturi: mfumo wake wa SpnD39III hugeuzageuza vipande vya jeni za S na kupata malengo 6 yanayopishana ndani ya kundi moja la seli. Ukisoma jenomu moja ya bakteria huyo na kuandika "lengo lake ni hili", umepiga picha ya mtu anayekimbia.

Aina ya III ina protini mbili, Mod inayobandika methili na Res inayokata, na inahitaji ATP. EcoP15I inatambua CAGCAG na kukata besi 25 na 27 mbele yake, mradi kuwe na malengo mawili yanayotazamana. Methili hubandikwa uzi mmoja tu, jambo ambalo mwanzoni huonekana kasoro kubwa: DNA ikijirudufu, kila lengo hubaki bila alama kwenye nakala moja kati ya mbili. Lakini ndani ya nakala moja malengo yasiyo na alama yote yanaelekea upande mmoja, hakuna jozi inayotazamana, na mkataji hawezi kufanya lolote. Sharti la kutazamana ndilo kinga.

Aina ya IV haina mweka methili. Hukata DNA yenye methili iliyo mahali pasipotarajiwa. McrBC, inayotumia GTP badala ya ATP, ndiyo inayojulikana zaidi. Kivitendo, DNA ya mmea au mnyama inayopandikizwa ndani ya E. coli K-12 yenye McrBC itapata hasara. Tumia uzao uliofutwa eneo lote la jeni za mrr-hsdRMS-mcrBC, kama DH10B. DH5α ina badiliko la jeni liitwalo hsdR17 tu: haikati kwa EcoKI, lakini bado inabandika methili za EcoKI.

Aina ya II: rafu, si ukoo

Hapa ndipo REBASE inang'aa na hapohapo ndipo inapopotosha asiye makini. Aina ya II inajumuisha wote wanaokata ndani ya lengo au umbali maalumu karibu nalo, bila kuhitaji ATP. Malengo tofauti yanayojulikana ni zaidi ya 300. Kwa kuwa kundi limekuwa kubwa mno, marekebisho ya 2003 yalilipa herufi ndogondogo. IIP ni malengo yanayosomeka sawa pande zote, kama EcoRI. IIS hukata kando, kama FokI na BsaI. IIB hukata pande mbili. IIE na IIF zinahitaji malengo mawili: katika IIE, kama EcoRII na NaeI, lengo la pili ni kichocheo tu, na katika IIF, kama SfiI, yote mawili hukatwa kwa pamoja. IIG ni mkataji na mweka methili katika protini moja, akichangamshwa na S-adenosilmethionini, kama Eco57I. IIM hukata lengo lenye methili, kama DpnI. IIT ina vijenzi viwili tofauti, kama Bpu10I.

Makundi haya yanaingiliana, na walioyapanga walijua. BcgI inaweza kuwekwa IIB kwa namna inavyokata na IIG kwa namna ilivyoundwa. Si dosari, ni lebo zilizobandikwa kwenye chupa moja kwa sababu tofauti. Dosari huja mtu anapochora mti wa nasaba kwa herufi hizo.

Chukua FokI na BfiI. Zote mbili ni IIS, zote hukata kando ya lengo lisilolingana pande mbili. Sehemu ya FokI inayokata ni ya kundi la PD-(D/E)XK, kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wakataji hawa, linalotumia magnesi. BfiI, ACTGGG(5/4), inakata kwa muundo wa familia ya PLD (fosfolipasi D), na haihitaji metali yoyote. Hii si nukta ya darasani tu: EDTA, kemikali inayonasa magnesi, ambayo huzima FokI papo hapo haitamgusa BfiI, na anayesimamisha mmeng'enyo wake kwa EDTA anaacha kimeng'enya kiendelee kukata ndani ya bomba. Mzime kwa SDS, sabuni kali ya maabara. KpnI nayo ina muundo wa HNH, Eco29kI ina GIY-YIG. Wote hawa ni Aina ya II kwenye ukurasa wao, wengine IIP kama EcoRI, na hawana babu mmoja.

Upande wa pili, malengo kufanana hakuthibitishi undugu, japo wakati mwingine undugu huwepo. EcoRI na RsrI zinatambua GAATTC na karibu nusu ya asidi amino zao zinalingana. Hao ni ndugu. Lakini baadhi ya isoskizoma, yaani vimeng'enya vyenye lengo moja, hazifanani kabisa. Na EcoRI haifanani hata na M.EcoRI, mweka alama wake mwenyewe anayesoma GAATTC ileile. Kila mmoja anaitambua kwa njia yake.

Basi nasaba utaipata wapi?

Kwa waweka methili. Wakataji hubadilika haraka kiasi kwamba mfuatano wa protini mara nyingi hauna la kukuambia, lakini methiltransferasi, yaani waweka methili, zina vipande vifupi vilivyohifadhiwa, viitwavyo motifu. Zile za sitosini ya kaboni ya 5 zina jozi ya prolini na sisteini katika motifu ya IV, na ENV (herufi za asidi amino) katika motifu ya VI. Zile za adenini zina DPPY au NPPY, na zile za naitrojeni ya sitosini kwa kawaida SPPY. Kisha angalia mpangilio: motifu ya I, inayoshika S-adenosilmethionini, eneo la kutambua DNA, na motifu ya IV, inayofanya kazi yenyewe. Mpangilio wa I, kutambua, IV ni kundi la alfa, na Dam, mweka methili wa E. coli, ni mmojawapo. IV, kutambua, I ni beta. I, IV, kutambua ni gama. Mpangilio huu ndio unaokaribia kabisa mgawanyo wa kiukoo, na REBASE ina mfuatano wa protini pamoja na BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, ya kukusaidia kuupima. Kazi ya kuupanga unabaki nayo wewe.

Familia moja ndani ya IIG inaonyesha mgawanyo wa kiukoo unavyolipa. MmeI, TCCRAC(20/18), na jamaa zake zina mkataji, mweka methili na sehemu ya kutambua katika mnyororo mmoja, na zote zinafanana vya kutosha kupangwa sambamba. Mwaka 2009, Morgan na Luyten walilinganisha nafasi za asidi amino na besi zinazotambuliwa, wakagundua ni nafasi zipi zinazoamua besi ipi, kisha wakabadilisha lengo kwa makusudi. Kwa EcoRI jambo kama hilo limekuwa gumu sana, kwa kuwa hakuna ndugu wa kutosha wa kulinganisha, na mkataji akibadilika bila mweka methili kubadilika, seli inajikata yenyewe. Kwenye MmeI wawili hao wanatumia jicho moja.

Sehemu ya jenomu, na herufi P

REBASE huchambua jenomu za bakteria zilizochapishwa na kuorodhesha mifumo inayodhani imo. Neno la kushika ni kudhani. Jina linaloishia na P, tuseme M.kitufulani ORF 1234P, ni utabiri kwa kufanana tu. Hakuna aliyekipima kimeng'enya hicho. Mweka methili hutabiriwa vizuri kwa sababu ya motifu zake. Mkataji wa Aina ya II mara nyingi hutajwa kwa sababu tu jeni yake iko jirani. Anayenakili majina hayo kwenye jedwali la makala yake na kuyaita "vimeng'enya vilivyothibitishwa" anaandika uongo bila kujua.

Njia yenye faida ni hii. Tafuta jenomu ya bakteria wako, au jamaa yake wa karibu, na utoe orodha ya M na S. Kwa kila S ya Aina ya I, gawanya protini katika nusu mbili na utafute kila nusu peke yake. BLAST ya protini nzima itakupa ndugu mwenye nguzo zilezile na lengo tofauti, na utadanganyika. Ukipata nusu mbili zilizopimwa tayari katika mifumo miwili tofauti, unaweza kukisia lengo lote, isipokuwa urefu wa pengo. Baadaye thibitisha kwa usomaji wa DNA unaoona methili. Mashine za PacBio huona vizuri adenini ya naitrojeni 6 na sitosini ya naitrojeni 4, lakini sitosini ya kaboni 5 huiona kwa shida, kwa hiyo kutokuiona si ushahidi kwamba haipo.

Motifu inayotoka huko, yaani mfuatano wenye methili, kwa kawaida inakuambia Aina. Ikiwa na pengo katikati na methili kwenye nyuzi zote, utaiona mara mbili, kila uzi na sura yake: EcoKI hutokea kama AAC(N6)GTGC yenye alama kwenye A ya pili, na kama GCAC(N6)GTT yenye alama kwenye A pekee ya GCAC. Hiyo kwa kawaida ni Aina ya I, ingawa hata BcgI ina pengo. Motifu inayosomeka sawa pande zote, yenye methili kila upande, ni IIP. Motifu isiyolingana yenye alama uzi mmoja tu, kama CAGCAG ikiwa na alama kwenye A ya pili, ni Aina ya III au jamaa ya MmeI. Motifu yenye alama kwenye asilimia ndogo tu ya malengo huashiria jeni inayowaka na kuzimika, au kizingiti kibaya kwenye uchambuzi. Angalia kina cha usomaji kabla ya kutangaza ugunduzi.

Lengo moja, tabia tofauti

Kwa mtu wa maabara, orodha za isoskizoma ndizo zinazolipa safari yote. GATC ina MboI, DpnII, Sau3AI na DpnI. Dam ya E. coli hubandika methili kwenye A ya GATC. MboI na DpnII zinakataa DNA hiyo, Sau3AI inaikata bila wasiwasi, na DpnI inakata hiyo tu. Ndiyo maana DpnI hutumika kufuta kiolezo baada ya PCR ya kubadilisha jeni: plazmidi iliyotoka kwenye seli inakatwa, zao la PCR lisilo na methili linabaki. Kiolezo kikitoka kwenye uzao usio na Dam, DpnI haikioni, na sahani inajaa makoloni ya plazmidi ya zamani.

CCWGG ina EcoRII, inayozuiwa na Dcm (mweka methili mwingine wa E. coli), na BstNI, isiyozuiwa. CCGG ina HpaII, inayozuiwa na methili ya C ya ndani, na MspI, isiyojali. Kuna pia neoskizoma, zenye lengo moja ila zinakata mahali tofauti: SmaI hukata CCC^GGG na kuacha ncha butu, XmaI hukata C^CCGGG na kuacha ncha ya besi 4. Programu nyingi huzihesabu kuwa kitu kimoja kwenye orodha, kisha mtu anaagiza ile isiyofaa.

Kuzuiwa kwa kuingiliana ndiko kunakosahaulika zaidi. XbaI inakata TCTAGA, haina GATC ndani yake. Lakini ikitanguliwa na GA au kufuatwa na TC, GATC inatokea ukingoni na Dam inafunga mlango. ClaI, ATCGAT, hufungwa ikitanguliwa na G au kufuatwa na C. BclI, TGATCA, imefungwa siku zote. Plazmidi ikikatwa pahala pamoja kati ya pawili panapotarajiwa, angalia besi mbili za kila upande kabla ya kulaumu kimeng'enya.

Bafa, joto na muda usivitafute hapa. Hayo ni ya mtengenezaji.

Faili za kupakua

Nguvu ya mwisho ni faili za kila mwezi katika miundo mingi ya programu. EMBOSS, mkusanyiko wa programu za kuchambua mifuatano, hutumia faili za withrefm na proto kupitia rebaseextract. Kuna mtego: programu ya restrict ya EMBOSS, isipoelekezwa vingine, huonyesha kimeng'enya kimoja tu kwa kila kundi la isoskizoma, kwa hiyo ulichonacho kwenye friji huenda kisionekane ingawa kinakata. Zima chaguo la limit. Kwa plazmidi washa chaguo la plasmid, la sivyo lengo linalokatiza mwanzo na mwisho wa faili halihesabiwi. Jaribu kwanza kwa DNA ya faji lambda, yenye jozi 48,502: EcoRI lazima itoe malengo 5, NotI sifuri. Hesabu isipotimia, tatizo liko kwenye mipangilio yako. Bio.Restriction ya Biopython, maktaba ya lugha ya Python, imebeba nakala ya REBASE ndani yake, nayo haisogei mpaka usakinishe toleo jipya.

Andika toleo ulilotumia, na uandike kwa ukamilifu. Namba ya toleo ni tarakimu tatu: ya mwisho ya mwaka, kisha mwezi. Toleo 603 ni la Machi, lakini linaweza kuwa la 2006 au la 2016, na orodha hizo mbili hazilingani.